Acquire au obtain? Kupata kwa namna mbili

Kanuni inayozunguka madarasani na mitandaoni ni fupi: "acquire" ni kupata kwa juhudi zako mwenyewe, "obtain" ni kupata kwa kuomba. Inakaririka upesi, na kwa mifano miwili mitatu ya mwanzo inafanya kazi vizuri tu. Kisha unakutana na herufi A inayoanza AIDS, jina la Kiingereza la UKIMWI, na kanuni yote inamwagika.

A hiyo ni "acquired". Jina la ugonjwa lilianza kutumika Marekani mwaka 1982, na neno hilo liliwekwa kwa sababu ya kitabibu. Wapo watu wanaozaliwa na kasoro ya kinga waliyoirithi, na wapo ambao kinga yao ilikuwa nzima, kisha ikaharibiwa na kitu kilichoingia mwilini. Wa pili ndio "acquired". Hakuna juhudi hapo, wala aliyeomba. Na bado "obtained" haiwezi kukaa mahali pake hata kidogo. Daktari akisema "obtained immune deficiency" wenzake watadhani mgonjwa aliifuata dirishani akaweka sahihi.

Kiswahili kiliruka neno hilo kimyakimya. UKIMWI ni U ya ukosefu (wengine husema upungufu), KI ya kinga, MWI ya mwilini. Silabi ya "acquired" haimo. Wenzetu wa Burundi na Kongo, waliochukua SIDA ya Kifaransa, wanayo bila kuihisi: A ile ya mwisho ni "acquise". Nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayotufanya tusilizoee neno hili. Kitenzi chetu "pata" hubeba kila kitu, cha heri na cha shari, cha kuomba na cha kuangukiwa, na hatujazoea kuulizwa ni kupata kwa namna gani. Mtu amepata kazi, amepata malaria, amepata mtoto, amepata ajali. Tukigeukia Kiingereza tunatafuta "pata" moja, tunakuta zaidi ya kumi.

Kama si juhudi, tofauti iko wapi?

"Obtain" humtazama mtu akipokea. Macho yako kwenye mlango kitu kilikotokea: ofisi, duka, mtu, maabara, utaratibu uliofuatwa. Kitu kikishafika mkononi neno limemaliza kazi yake. Kama kesho utakirudisha, utakipoteza au utakichana, si shauri lake. "Acquire" haishughuliki sana na mlango. Inatazama hali ya baadaye: kitu kimeingia katika milki yako, mwili wako, akili yako au jina lako, na kimekaa humo. Kabla yake ulikuwa mtu mmoja, baada yake una nyongeza.

Ndiyo maana fomu, kibali, viza, nakala, sampuli, idhini, hati ya upekuzi na alama za mtihani ni vya "obtain". Ardhi, kampuni, hisa, uraia, ujuzi, lugha, lafudhi, tabia, sifa, jina la utani na maambukizi ni vya "acquire". Mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ilipochukua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika, magazeti ya Kiingereza yaliandika "acquired". Hakuna aliyeandika "obtained", kwa sababu kampuni haipokelewi kama risiti. Inamezwa.

Asili ya maneno inachekesha kidogo. "Obtain" inatoka Kilatini "obtinere", iliyojengwa juu ya "tenere", kushika. Ndugu zake ni "contain", "retain", "maintain" na "detain". "Acquire" inatoka "acquirere", yenye "quaerere" ndani yake, yaani kutafuta. Ndugu zake ni "require", "inquire", "question" na hata "conquer". Kwa hiyo neno lililotokana na kushika leo ndilo lisilojali kama kitu umebaki nacho, na lililotokana na kutafuta hutumika kwa vitu ambavyo hukuvitafuta kabisa. Usitegemee asili kupata maana. Itegemee kwa tahajia: ile c katika "acquire" ni mabaki ya kiambishi "ad" kilichogeuka mbele ya q. Haisikiki katika matamshi, neno linatamkwa kama "akwaya", ndiyo maana "aquire" isiyo na c ni kosa linalopatikana hata kwenye tangazo la benki.

Mahali pazuri pa kuona maneno haya mawili yakifanya kazi bega kwa bega ni sheria, kwa sababu waandishi wa sheria hawatupi neno ovyo. Soma Katiba ya Kenya ya 2010 kwa Kiingereza. Ibara ya 13(2) inasema uraia unaweza kuwa "acquired by birth or registration". Kuzaliwa! Hapo kanuni ya juhudi inazikwa rasmi. Mtoto mchanga hajafanya lolote. Ibara ya 40(1) inampa kila mtu haki ya "to acquire and own property", na angalia jinsi "own" inavyofuata nyuma ya "acquire" kama kivuli. Halafu nenda ibara ya 50(4), inayohusu ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu: hapo neno ni "obtained". Hakimu haulizi kama polisi sasa wanaumiliki ule ushahidi. Anauliza ulipatikanaje na wapi. Mlango ndio kesi yenyewe.

Mfano mkali zaidi ni kosa ambalo kila msomaji wa habari za mahakamani analijua, lile la "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu". Tanzania ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Kenya ni kifungu cha 313, ambapo adhabu inafika kifungo cha miaka 3. Kwa Kiingereza nchi zote mbili zinatumia "obtaining by false pretences", na mwili wa kifungu una maneno "obtains from any other person". Hilo "from" ndilo roho ya kosa. Katika wizi wa kawaida hakuna anayekukabidhi kitu, unachukua. Katika utapeli mwenye mali mwenyewe ananyoosha mkono akatoa, ila ametoa kwa sababu kadanganywa. Sheria inataka neno linaloonyesha mikono miwili, wa kutoa na wa kupokea, na "obtain" ndiyo hiyo. Sheria ya Uingereza ya wizi ya mwaka 1968 ilikwenda mbali zaidi ikaeleza: mtu anahesabiwa ame"obtain" mali akipata umiliki wake, au kuishika tu, au kuwa na mamlaka juu yake, kimojawapo kinatosha. Kifungu hicho kilifutwa na sheria ya ulaghai ya 2006, lakini kama maelezo ya neno sijui kamusi inayokishinda. Tapeli aliyekaa na gari lako saa mbili ame"obtain". Haja"acquire" kitu.

Hapo hapo kuna mtego kwa mfasiri. "Kujipatia" yetu ina sauti ya "acquire": ile "ji" inaonyesha mtu akijiongezea. Lakini kwa mazoea ya mahakama zetu, "kujipatia kwa udanganyifu" ni "obtaining". Ukiifasiri neno kwa neno kwenda "acquiring by deception" mwanasheria atakuelewa, ila atajua hujawahi kusoma hati ya mashtaka.

Sasa geuza upande. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali za wanandoa wanapoachana, na mali hizo zinatajwa kuwa ni zile "acquired by them during the marriage by their joint efforts". Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema mali waliyochuma pamoja, na "kuchuma" ni tafsiri safi kabisa: mali imeingia, imekaa, ni ya nyumba. Lakini mwandishi wa sheria aliona haja ya kuongeza "by their joint efforts". Kama "acquire" ingekuwa na juhudi ndani yake, maneno hayo yangekuwa mzigo wa bure. Aliyaongeza kwa sababu mali inaweza kuwa "acquired" kwa urithi, kwa zawadi, kwa bahati nasibu. Na mabishano makubwa ya kifungu hicho yaliangukia kwenye juhudi, si kwenye "acquired": mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililazimika kujibu kama kupika, kufua na kulea ni mchango. Ikajibu kuwa ni mchango.

Wahenga walishalisema hili bila Kilatini: kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga.

Serikali inapochukua shamba lako kupitisha barabara, Kiingereza husema "compulsory acquisition". Tanzania ina sheria nzima ya mwaka 1967 ya jambo hilo, "Land Acquisition Act", na Kiswahili chake ni Sheria ya Utwaaji Ardhi. "Kutwaa" ni neno zuri hapa, lina uzito wa milki inayohama. Kwa hiyo tuna "chuma", "twaa", "miliki", "jijengea" (jina, heshima), "ambukizwa", na kwa tabia tuna namna ya kugeuza sentensi kabisa: "uvivu umemwingia", "lafudhi ya Unguja imemkaa". Mara nyingi ukiona Kiswahili kinataka kukigeuza kitu kiwe ndicho kinachomwingia mtu, Kiingereza kitataka "acquire".

Lugha ndiyo mfano wangu wa kila mara. Mtoto wa miaka minne Mombasa anayesema Kiswahili na Kigiriama hakuketi kusoma hata kimoja. Kwa Kiingereza ame"acquire" zote mbili. Mwanaisimu wa Marekani Stephen Krashen alijenga nadharia nzima juu ya mgawanyo huu: "acquisition" ni lugha kukuingia bila kujua, "learning" ni kujifunza kanuni kwa makusudi. Angalia basi, katika fani hiyo neno la juhudi ni "learn", na "acquire" ni la asiye na habari. Wanaisimu wetu wengine husema upataji lugha, wengine umilikaji lugha. Napendelea la pili, kwa sababu linagusa kile hasa "acquire" inachokisema.

Ipo pia "an acquired taste", kwa kitu ambacho ulimi hukikataa mwanzo na baadaye hukidai. Kahawa chungu ya dele ya pale barazani ni hiyo. Mtoto akionja anatema. Mzee akikosa kikombe chake cha jioni, siku haijaisha.

Tuyaone maneno mawili yakipishana katika jambo moja. Mtu ananunua ekari moja ya shamba Kenya na kila hatua anamwandikia ndugu yake kwa Kiingereza. Anaanza masjala ya ardhi kupata cheti cha upekuzi kinachoonyesha mwenye shamba ni nani na kama lina deni: "I have obtained the search certificate." Muuzaji ana mke na pale ndipo nyumbani kwao, kwa hiyo idhini ya mke inahitajika: "he has obtained his wife's consent." Ni ardhi ya kilimo, basi lazima wapeleke ombi kwa Bodi ya Kudhibiti Ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba, wakikubaliwa, "we have obtained the Board's consent." Mwisho uhamisho unasajiliwa na hati inatoka kwa jina lake. Hati yenyewe, ile karatasi, ni "obtained". Shamba ni "acquired". Akiandika "I obtained the land", ndugu yake Marekani atauliza: umekodishiwa, umepewa ulime, au vipi? Na akiandika "I acquired the consent", idhini inaonekana kama samani aliyoongeza sebuleni.

Je, wakisahau bodi? Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya kudhibiti ardhi, mauziano ya ardhi ya kilimo bila kibali cha bodi ni batili. Kiingereza kinalisema kwa ukatili mfupi: "He obtained a pile of papers and acquired nothing." Kiswahili kitahitaji "pata" mara mbili, na sauti tu ndiyo itakayomwambia msikilizaji kwamba ya pili ndiyo yenye uchungu.

Barua za kuomba kazi ndiko makosa yanakozaliana. "I acquired a Diploma in Accounting in 2019": cheti kinatolewa na chuo, kina tarehe, kina sahihi, kwa hiyo ni "obtained". Wamarekani hupenda "earned" hapo, na kwa kampuni ya kule itumie. Upande wa pili, "I want to obtain more skills in your company" inasikika kama ujuzi unagawiwa stoo. Sentensi inayoweka kila neno mahali pake ni kama hii: "I obtained a Diploma in Accounting in 2019 and acquired a working knowledge of payroll during my attachment." Chuo kilikabidhi cheti, kazi ya kuandaa mishahara ilimwingia mtu pole pole akiwa mezani. Uzoefu nao una neno lake, "gain", kama ilivyo kwa uzito na kwa kujiamini. "Acquired ten years' experience" si kosa la kukufukuzisha mlangoni, lakini "I have ten years' experience" ni fupi na haina jasho.

Sarufi nayo inasaidia kuchagua, na wengi hawaitumii. "Acquired" hukaa kwa raha mbele ya nomino: "acquired taste", "acquired immunity", "hospital-acquired infection". "Obtained" peke yake haipendi kukaa hapo; husubiri nyuma, "the results obtained", "the marks obtained", au hutaka kielezi cha kuishika mkono, kama "illegally obtained evidence". Vielezi vya muda mrefu, "gradually" na "over the years", huvutwa na "acquire", kwa kuwa kukaa kwa kitu ndani ya mtu huchukua siku. Vielezi vya ugumu na wepesi wa njia huvutwa na "obtain": "easily obtained", "difficult to obtain". Kuna "obtainable" na "unobtainable" za kawaida kabisa, lakini hutasikia mtu akisema "unacquirable". Kwa upande wa nomino mambo yamegeuka: "acquisition" iko kila mahali, huku "obtain" kwa kawaida ikibaki na "obtaining" tu. Na vihusishi: "obtain" hupenda "from", "acquire" hupenda "by" na "through".

Hesabu na maabara ni nchi ya "obtain" peke yake. Ukiweka thamani ya y kwenye mlinganyo, "we obtain x = 4". Jibu limetoka kwenye hatua iliyotangulia, ndiyo "kutoka wapi" yake. "We acquire x = 4" haipo.

Kuna "obtain" nyingine isiyo na mtendwa, na hii huwaangusha hata wafasiri wazoefu. Katika hukumu na ripoti utakuta "the conditions obtaining at the time" au "the practice that obtains in Kenya". Hapo hakuna anayepata kitu. Maana yake ni kuwepo, kutawala: hali iliyokuwepo wakati huo, utaratibu unaofuatwa Kenya. Ukiona "obtain" haina kitu mbele yake, acha kutafuta aliyepata. Na usiichanganye na "attain", jirani yake wa sauti tu, ambayo ni kufikia: "attain the age of eighteen" ni kutimiza miaka 18, na hakuna ofisi inayotoa miaka.

Kabla hata ya kuchagua kati ya maneno haya mawili, ondoa kwanza vile visivyotaka lolote kati yake. Nimepata mtoto ni "we had a baby". Nimepata ajali ni "I had an accident". Nimepata nafuu ni "I feel better", nimepata hasara ni "I made a loss", nimepata wazo ni "I had an idea", nimepata habari ni "I heard". Watu kwa jumla usiwa"obtain", na uki"acquire" mtu ujue unatania: "she has acquired a boyfriend" inamfanya kijana wa watu aonekane kama mkoba mpya. Wafanyabiashara pekee ndio wanaosema "customer acquisition" bila kucheka. Na katika mazungumzo ya kawaida yote mawili ni mazito. Uliyenunua nyanya sokoni sema "I got some tomatoes". "I obtained some tomatoes" ni sauti ya maelezo ya polisi.

Mpaka kati ya maneno haya una sehemu yenye ukungu, sitaki kudai vinginevyo. Nakala ya kitabu unaweza ku"obtain" au ku"acquire", kutegemea kama unazungumzia ulivyoipata au rafu lako la vitabu. Mfano ninaoupenda uko kwenye Windows XP, programu moja yenye mikono miwili. Kwenye mipangilio ya mtandao iliandikwa "Obtain an IP address automatically". Ukiunganisha waya, dirisha dogo likaandika "Acquiring network address". Jambo ni lilelile. Kompyuta inauliza kwenye mtandao kama kuna seva ya kugawa anwani, seva inatoa ofa, kompyuta inaomba ile anwani, seva inathibitisha. Na anwani haitolewi kabisa, inakodishwa kwa muda, na kabla haujaisha inaombwa upya. Kwa hesabu yetu "obtain" ndiyo sahihi: kuna mtoaji, kuna ombi, na hakuna kinachobaki kuwa chako.

Yule aliyeandika "acquiring" hakupotoka kabisa, alikuwa akisikia maana ya zamani, ile ya kutafuta. Kifaa cha GPS nacho huandika "Acquiring satellites" kinapowashwa uwanjani, na pale hakuna anayeombwa wala anayetoa. Setilaiti zinatangaza mawimbi yao kwa wote, na kifaa kinasikiliza, kinapekua, mpaka kinazikamata za kutosha, nne au zaidi, ndipo kionyeshe mahali ulipo. Mfasiri wa programu atakayeandika "Inapata setilaiti" ataeleweka. Ningeandika "Inatafuta setilaiti".